Nyumba Pana ya Smaranda

Pipa la kabichi lilikwama kwenye mlango wa lifti, na Dumitru akakwama nyuma yake. Mkewe, Smaranda, alisimama koridoni na brashi ya rangi mkononi, akimkumbusha kwamba mtu anayelipwa kupima viwanja vya wenzake angeweza kupima na pipa lake.

Pipa ndilo lililokuwa la mwisho. Vitu vingine vilikuwa vimeshashuka ghorofa mbili, kwa Olimpia, dada yake Dumitru: mitungi ya matango ya siki ya kuvushia majira ya baridi, magodoro, zulia la ukutani, baiskeli za watoto, na kabati la bilauri ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea. Smaranda na familia yake walikuwa watu wanne katika vyumba viwili, na mpaka wiki ile ya Oktoba walikuwa wakipishana ubavu ubavu.

Chanzo kilikuwa Pasaka. Mama mkwe, Veturia, alikuja kula, akajigonga goti kwenye lile kabati, akatangaza mbele ya wageni kwamba mwanawe anaishi ndani ya kisanduku cha kiberiti. Mgeni mmoja akauliza kama wajukuu basi ndio njiti. Meza nzima ilicheka. Smaranda pia alicheka, kwa meno tu, na palepale akajiapia kwamba Veturia ataila kauli ile mezani hapohapo, siku ya Mtakatifu Dumitru, somo wa mumewe, sikukuu ya Oktoba ambayo mama mkwe hajawahi kuikosa.

Kwa hiyo alinunua magazeti ya mapambo. Magazeti yalisema paka nyeupe kila mahali, akapaka. Yalisema kioo kirefu kielekee dirisha, pazia jepesi lianzie darini, meza ikunjwe ukutani. Hayakusema watu wenyewe wakunjwe wapi. Dumitru alipouliza atakaa wapi, aliambiwa asimame wima na asitanuke. Siku kioo kilipofungwa, aligonga paji la uso akielekea chumba ambacho hakikuwepo. Smaranda alifurahi sana. Kioo kilikuwa kinafanya kazi.

Kwa Olimpia alikuwa amejiandaa kubembeleza. Olimpia ana watoto watatu, mume anayeokota redio mbovu, na nyumba ndogo sawasawa na ya Smaranda. Mtu mwenye akili zake angekataa. Olimpia alikubali kabla sentensi haijaisha.

"Leta tu, wifi," alisema. "Na kile kitanda cha mtoto mbona umekisahau?"

Smaranda alimwambia mumewe kwamba dada yake ana roho nzuri, kwa sauti ile ambayo watu hutumia wakimaanisha mtu hana kitu kichwani.

Siku ikafika. Mama Veturia alivua viatu mlangoni, soksi yake imechanika gotini na koti limejaa vumbi. Alieleza kwamba alipitia kwanza kwa Olimpia, na kwamba Olimpia naye anakuja, bado anatafuta viatu vyake. Smaranda alimpangusa vumbi kwa upole wote wa mshindi.

Mama mkwe hakuketi. Alizunguka. Alishika kuta, akafunua pazia, akajitazama kwenye kioo, akasogea pembeni kujipisha. Aliuliza watoto wanalala wapi, akaonyeshwa kochi. Aliuliza vitu viko wapi, akaambiwa vitu vingi ni tabia ya watu wasiojipanga. Walipoketi na kila mtu kupakuliwa sarmale zake, ile kabichi iliyoviringishiwa nyama, alirudi palepale.

"Niambie kweli, mwanangu. Usiku hambanani?"

"Kubanana? Mama, humu tunapotezana."

Dumitru alifungua mdomo. Smaranda alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akautumia mdomo ule kulia sarmale.

Veturia aliweka uma chini. Aliinama, akasema taratibu, kama daktari, kwamba yeye ni mama yao wote, na kwamba mtu akiwa na shida ya nafasi hana haja ya kumficha mama.

"Shida hiyo wanayo wengine," alisema Smaranda, akimwongezea krimu. "Sisi hata tukipewa chumba cha tatu, hatujui tutaweka nini humo."

Kisha Mama Veturia akayasema, mbele ya mwanawe na wajukuu, bila kulazimishwa. Alisema Pasaka alikuwa mpumbavu. Alisema hii ni nyumba pana, safi, yenye hewa, na mwenye nyumba ana akili kuliko wote mezani. Smaranda alifumba macho ili ayasikie vizuri. Alitamani wageni wote wa Pasaka wangekuwepo, hasa yule wa njiti.

"Na umenitua mzigo mkubwa," mama mkwe aliendelea, akijipangusa midomo. "Ngazi za kwangu zimenishinda. Nahamia kwa dada yangu, mjini Tulcea, na ile nyumba ya vyumba vitano nimeamua kuigawa kabla sijafa. Sasa watoto ninao wawili na nyumba moja, nilikuwa silali. Lakini leo kwa Olimpia nimeshindwa hata kuvuka mlango. Nimelia palepale kwenye ngazi, nikampa funguo."

Smaranda alifumbua macho.

"Mbona unanitazama hivyo, mwanangu? Kwani hakukwambia? Nilimweleza tangu Agosti kwamba nakuja kuwakagua, na atakayekuwa amebanwa zaidi ndiye atakayeipata."