Misumari ya Makumbusho

Kidole chake kiligusa kichwa cha msumari, baridi, katikati ya mbao za mashua ambazo yeye na baba yake walizishona kwa kamba kwa miezi minane bila chembe ya chuma. Akahesabu. Kumi na minne. Kandokando ya kila msumari ubao ulikuwa umeanza kupasuka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, dada," alijibu mkuu wa makumbusho, akinyoosha tai. "Mashua ilikuwa inachezacheza."

"Mashua ya kushonwa lazima icheze. Ndivyo inavyostahimili mawimbi."

"Kwani humu ndani kuna mawimbi gani?"

Wasaidizi wake wakaangua kicheko. Juu yao bango lilitangaza: Haina msumari hata mmoja.

Nje, baba yake alikuwa anateremshwa kwenye gari, aje kuipapasa kazi yake ya mwisho. Macho yalishamtupa mkono. Alibaki na vidole.

"Mzee haoni, dada. Nani atamwambia?"

 Binti alinyakua nyundo ya fundi aliyekuwa anatundika picha, akapenyeza makucha ya nyundo chini ya msumari wa kwanza.

"Dada, wageni wapo mlangoni."

"Wakaribishe," alisema, akavuta.