Folda ya Pili

Kompyuta pekee ya ofisi ile ya Kilosa ilikuwa na folda mbili za barua pepe zenye jina moja: Barua Zilizoingia.

"Futa moja, Imelda," bosi alisema, macho kwenye gazeti. "Zote ni zilezile."

Imelda hakuwa mtu wa kufuta asichokihesabu. Alizilinganisha barua moja moja, kidole kikiteremka kwenye kioo. Folda ya kwanza ilikuwa na barua arobaini. Ya pili, arobaini na moja.

Iliyozidi ilikuwa yake. Hoteli ya watalii kule Mikumi, alikoomba kazi ya mapokezi kwa anwani ya ofisi, ilimwita kwenye usaili. Siku yenyewe ilikuwa imepita wiki mbili.

Na kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Shikamoo bosi. Mikumi hawajajibu?"

"Marahaba. Bado, mwanangu. Vuta subira."

Barua ambayo haijasomwa huwa na herufi nzito. Hii herufi zake zilikuwa nyembamba, na pembeni palikuwa na kamshale kadogo: imejibiwa. Akafungua barua zilizotumwa.

"Mhusika ameolewa, amehamia Shinyanga. Tafuteni mwingine."

"Umeshafuta?" bosi aliuliza. "Njoo unichapie barua hii. Bila wewe ofisi hii haiendi."

Imelda akasukuma kiti nyuma, akasimama. Wateja waliokaa kwenye benchi wakageuka kumtazama.

"Nitachapa, bosi," alisema. "Kwanza waambie hawa wateja nimeolewa na nani."