Mpira wa Ndani

Mpira mwingine ulipita nje, mbali kabisa na gongo la mpigaji.

Mtathmini alisimama nyuma ya wavu, mikono ndani ya mifuko ya koti, akimtazama mrushaji kijana ambaye wenzake walimwita Kombeo. Timu kubwa ya besiboli ilikuwa inatafuta warushaji wapya, na yeye ndiye aliyekuja kumpima huyu. Mwenzake wa ofisini alijitolea kuja badala yake. Mtathmini alimwambia asijisumbue.

"Mkono anao," alisema hatimaye. "Mpira unamtoka kwa kasi, kiwiko kimekaa pazuri. Mguu wa mbele anauweka chini mapema mno, lakini hilo linafundishika."

Aliyasema hayo kama mtu anayesoma bei za vitunguu.

"Sasa shida iko wapi, dada?" aliuliza kocha, mwanamume mnene aliyeichukua timu mwaka huu.

"Harushi ndani. Mpigaji akishajua kwamba mpira hautakuja karibu na mwili wake, anasogea na kujipigia anavyotaka."

Kocha alishusha sauti. "Mwaka jana, kwenye mechi ya ugenini, mpira wake ulimpiga kijana wa watu kichwani. Hakufika hospitali akiwa hai."

"Nimesikia."

"Basi tangu siku hiyo ndiyo hivyo. Mimi huwaambia watu ni bega linamsumbua."

Mtathmini alivua koti, akalitundika kwenye wavu. Aliingia uwanjani, akavaa kofia ngumu iliyokuwa benchini, akachukua gongo la mpigaji na kusimama mahali pake. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake alimtazama kocha. Kocha aliinua mabega tu.

"Hapa," mtathmini alimwambia Kombeo, akionyesha kwa kiganja hewa iliyo mbele ya mbavu zake. "Rusha hapa."

"Mwalimu, siwezi."

"Mkono wako unaweza."

"Je, ukikupata?"

"Utakuwa umenipata."

Kombeo alirusha. Mpira ulikwenda nje, mdakaji akalazimika kujitupa kuufuata.

"Tena."

Uliofuata ulikwenda nje zaidi. Kombeo alijifuta uso kwa mkono wa jezi, akauangalia mpira kiganjani kana kwamba umempa mgongo.

"Dada, mwache mtoto," kocha aliita kutoka kwenye wavu. "Huna hata chembe ya huruma?"

Hakugeuka. "Siondoki hapa," alimwambia Kombeo. "Sitarudi nyuma, sitainama. Wewe rusha tu."

Kijana aliinua mguu, akajipinda, akaachia.

Mpira ulipita karibu na kifua cha mtathmini, upepo wake ukalitikisa shati. Ukatua kwenye glavu kwa kishindo. Alikuwa amejiandaa kwa lolote: moyo kumpasuka, magoti kumlegea, hata kupiga kelele. Halikuja lolote. Mwili ulikuwa kama nguo ya kuazima.

"Tena," alisema.

Waliendelea mpaka Kombeo akaacha kujifuta uso, na mdakaji akaanza kulalamika kwamba kiganja kinawaka moto. Mipira yote ilipita ndani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliomgusa.

Alivua kofia, akaenda kuchukua koti lake. Kombeo alimfuata hadi kwenye wavu.

"Umepita," mtathmini alimwambia. "Kambi ni mwezi ujao. Kabla ya hapo rekebisha huo mguu wa mbele, na ujifunze kupumua kabla ya kurusha. Unabana pumzi."

Kijana alivua glavu, akaikumbatia kifuani.

"Ahsante, mwalimu. Wengine wakishasikia habari yangu huwa hawaji hata kuniangalia. Nilidhani na wewe umekuja kunikataa tu."

Mtathmini alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Siku ile uliyokuja msibani kwetu," alisema, "ukaishia getini, ukashindwa kupiga hodi, mimi nilikuwa dirishani nakuona."