Bangili ya Raha

Mwanaidi alizaliwa bila uke wala mji wa mimba. Alipokua, madaktari walimtengenezea uke, na sasa mtoto wake alikuwa kliniki, akikua ndani ya tumbo la kioo, siku yake ya kuzaliwa ikikaribia. Lakini sheria ilitaka mama wa namna hiyo avae bangili ya kupima raha yake kitandani, ndipo akabidhiwe mtoto.

"Bangili inasema huna raha, dada," muuguzi alimwambia.

"Raha ninayo. Inanikimbia nikikumbuka kwamba mnanipima." Akaivua, akaiweka mezani. "Mama wengine hamwaulizi haya. Mwanangu nitakuja kumchukua."

Alasiri ile, nyumbani, yeye na mumewe Shekue walipendana bila haraka, wakacheka kwa sauti. Kisha simu ya kliniki ikaita. Mwanaidi akavaa viatu kabla ya kuipokea.