Maadamu Farasi Yu Hai

Asubuhi hiyo blanketi la kitandani lilihamia bandani. Mtunzaji alilifunga mgongoni mwa farasi, juu ya lile la kwanza, kisha akarudi chumbani kumfunika mkewe kwa koti lake la kazi. Mkewe alikuwa macho, anakohoa.

"Ningezaliwa na mkia, ningeshapona," alisema.

Mtunzaji alicheka kidogo, akaona aibu, akatoka.

Farasi mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na moja, meno yamekwisha. Majani makavu sharti yakatwekatwe na kulowekwa tangu jana yake, pumba ikorogwe iwe uji. Kwato zichokolewe asubuhi na jioni, la sivyo zinaoza. Manyoya yapigwe brashi, singa za shingoni zichambuliwe kwa vidole kwa sababu kitana kilikuwa kinazing'oa. Fundi wa kwato alikuja kila baada ya wiki sita, na kila alipokuja bei ilikuwa imepanda, utadhani alikuwa akiipandisha njiani.

Na yote hayo kwa ajili ya maneno machache. Bibi mwenye nyumba alipofariki aliacha wosia: mtunzaji na mkewe wakae chumba cha nyuma ya banda na walipwe kila mwezi, maadamu farasi yu hai. Nyumba kubwa ikatiwa kufuli. Je, farasi akifa? Wakili aliyewasomea aliishia hapo, akakunja karatasi. Basi wakajijibu wenyewe: farasi akifa, ni virago na barabarani, uzeeni, na mmoja wao mgonjwa.

Kila mwisho wa mwezi wakili alikuja, akamtazama farasi kwa mbali asije akachafua viatu, akatoa mshahara, akaondoka. Zamani mshahara ulitosha. Majani yalipopanda bei, mtunzaji alipunguza nyama, kisha mboga, kisha mafuta ya taa. Mwaka huu alikuwa amefika kwenye dawa za mkewe.

Daktari wa mifugo hakumficha. "Mnyama amechoka, mzee. Mwache apumzike. Sindano moja tu, hatasikia kitu."

"Sindano hiyo itatuchoma watatu," mtunzaji alijibu, akaulizia dawa ya maumivu ya viungo. Ilikuwa chupa kubwa, ya bei ya kutisha. Pesa pekee iliyokuwamo ndani ilikuwa ya mkewe kwenda kupigwa picha ya kifua.

"Nunua," mkewe alisema. "Mimi naweza kungoja. Yeye hawezi."

Alingoja wiki tatu. Alikufa Jumanne, mumewe akiwa bandani, ameinamia kwato ya nyuma akichokoa kijiwe kilichokwama. Alipoingia kumpelekea chai alimkuta ameshapoa.

Siku ya mazishi farasi alilishwa kwa wakati. Mtunzaji alimchukia siku hiyo, akamchukia kwelikweli, akawa anampiga brashi na machozi yanamtoka. Lakini brashi alimpiga, mwili mzima, mpaka mkiani.

Siku kumi na moja baadaye farasi alilala chini na hakuinuka tena. Mtunzaji alikaa naye mpaka mbavu zikatulia, kisha akampigia wakili simu. "Farasi amekufa," alisema, akakata. Hakuwa na nguvu ya kueleza zaidi. Alifungasha sufuria mbili, nguo zake na za mkewe, akakaa kizingitini kungoja kufukuzwa.

Wakili alifika mchana, mkononi ana funguo za nyumba kubwa na bahasha iliyopigwa lakiri. Aliipasua palepale, akasoma harakaharaka, kama mtu mwenye kazi nyingine inayomngoja.

"'Siku farasi wangu atakapokufa, nyumba yangu, shamba na fedha zote zilizoko benki ziwe mali ya mtunzaji na mkewe. Sikuwaambia mapema kwa kuwa binadamu ni binadamu, wangemharakisha.'"

Alitoa kalamu, akatandaza karatasi juu ya sufuria iliyofunikwa, akaonyesha kwa kidole.

"Sahihi mbili, mzee. Wewe weka hapa. Halafu mwite mama, yeye ataweka hapa chini."