Leo Hajatusalimia

Kila lilipowashwa, gari lao la mtumba kutoka Japani lilisema maneno mafupi kwa sauti ya mwanamke. Hakuna aliyeyaelewa. Mwanaidi aliyachukua kuwa salamu, akawa anaitikia, "Marahaba," na binti yao mdogo, Rukia, anacheka.

Asubuhi hiyo, nje ya nyumba yao juu ya kilima, sauti ilisema maneno mengine, marefu, na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi.

"Zima, uwashe tena," Mwanaidi alisema.

Mumewe, Kibwana, akazima, akawasha. Sauti ikarudia yaleyale.

"Kelele tu za magari ya kisasa hizi. Mama yangu anaingizwa chumba cha upasuaji saa hii, mimi nikae namsikiliza Mjapani?"

Mwanaidi akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamfungua Rukia mkanda, akambeba.

"Rudini garini! Kwani wewe unajua Kijapani?"

"Sijui, baba Rukia. Lakini leo hajatusalimia."

Kibwana akasonya, akashusha hendibreki. Gari likaanza kuteremka, mlango wa nyuma ukiwa wazi, sauti ile ikizungumza na viti vitupu. Mwanaidi akamkumbatia mtoto, macho kwenye taa za breki, akingoja ziwake.