Kipa na Wajomba Zake

Kipa alikuwa anafunga bandeji kwenye kidole gumba, kilichowahi kuvunjika akiidakia timu hii ya taifa, kocha alipomwambia, "Leo utakaa benchi. Tunacheza na wajomba zako."

Wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo wakageuka.

"Mama yangu ndiye wa nchi yao," kipa akasema. "Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu amezikwa hapa. Nikidaka penalti naitwa binti yetu. Leo nimekuwa mgeni?"

"Ukifungwa, watu watasema umewaachia."

"Watu gani? Sema ni wewe!"

Kocha akamgeukia kipa wa akiba. "Vaa glavu."

Yule dada, aliyeisubiri nafasi hiyo miaka yote, akazisukuma glavu kando, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake vya mpira.